Kwa Nini Basi la Shule Hurusha

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunijia akilini kila ninapokuona ukishuka kutoka basi la shule umeshika kiuno. Keti kidogo. Chai haijachemka bado, na jambo lenyewe halitaki haraka.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana huku kwetu Matungu. Shule ilikuwa imepata basi lake la kwanza, na mwanzoni tuliliimbia nyimbo. Baada ya safari chache nyimbo zilikwisha. Lilikuwa gumu, mwanangu. Tukipita shimo dogo tu, vichwa viligonga paa. Wazazi walinung'unika pia. Walikuwa wamemwomba mkuu wetu wa shule, Mwalimu Zuhura, anunue basi laini kama yale yaendayo Nairobi, naye akakataa. Wengine waliacha hata kumsalimu.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunakwenda Chekalini kucheza mpira wa pete. Mimi na rafiki yangu Nanjala tulichelewa, tukakuta kimebaki kiti cha nyuma kabisa, ambacho kila mtu alikikimbia. Mara Mwalimu Zuhura akapanda. Badala ya kukaa mbele karibu na dereva, akaja mpaka nyuma, akatusalimu, akajibana dirishani. Alikuwa mtu mzima, mwenye nyonga iliyomsumbua siku nyingi.

Tulirushwa mpaka Nanjala akashindwa kunyamaza. Hakuwa mtu wa kuficha lililo moyoni.

"Mwalimu, hii basi inatuumizanga. Hata ng'ombe wa kupelekwa sokoni Lubao wanabebwa vizuri kuliko sisi."

Nikaogopa. Mwalimu hakukasirika. Alishika chuma cha kiti cha mbele, akangoja tupite matuta.

"Ni kweli linaumiza," akasema. "Hapa tulipo tuko nyuma ya magurudumu, ndiyo maana tunarushwa kuliko wenzetu wa mbele. Na chini yetu ni fremu ya lori. Springi zake ni ngumu, zimetengenezwa kubeba mzigo mzito. Ninyi wasichana hamna uzito wa kuzikunja."

"Sasa si ungenunua ile nyingine?"

"Ile nyingine niliipanda. Ilikuwa tamu, karibu nilale. Lakini tumbo lake liko chini, mvua ikinyesha haifiki shuleni kwetu. Tena nilipouliza ubavu wake una vyuma gani, yule muuzaji alinionyesha vitambaa vya viti. Hili letu lina vyuma vinene chini ya madirisha." Akamtazama Nanjala. "Mimi nimepewa watoto wa watu. Nikawaza kwanza namna ya kuwarudisha kwao."

Nanjala aliitikia kwa kichwa, lakini nilimjua. Hakuwa ameridhika.

Tulicheza, tukashindwa, tukaanza kurudi. Tulipokaribia Mumias mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa matope matupu. Mwalimu alikuwa amerudi pale pale nyuma, dirishani. Mbele yetu trekta lilikuwa likiteremka mlima na trela lililojaa miwa. Dereva wetu akasimama kando kulipisha. Trekta likapita salama. Trela likateleza, likavuka barabara, likatugonga ubavuni.

Sauti ile siwezi kukueleza. Basi lilisukumwa mpaka mtaroni, likaegemea ukingo. Miwa ikaingia kupitia madirisha. Kisha vikaanza vilio. Nanjala alikuwa amevunjika mkono. Mwalimu Zuhura alikuwa amebanwa mguu, uso umejaa vipande vya kioo, naye alikuwa akituita mmoja mmoja kwa jina. Kila aliyeitika, alisema, "Alhamdulillahi," na kumwita mwingine. Tuliitika sote.

Watu wa pale waliotutoa walishangaa. Ubavu wa basi ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyoangushwa, lakini vile vyuma chini ya madirisha havikukatika. Hakuna mzazi aliyezika mtoto wiki ile. Mwalimu alikaa hospitalini Kakamega muda mrefu, na tangu hapo alitembea na fimbo. Wazazi walikwenda kumwomba radhi. Nasikia aliwaambia wasiombe radhi, wawahimize tu watu wa miwa wasipakie kupita kiasi.

Mwanangu, sikwambii upende kuumia. Si kila ugumu una heri ndani yake. Wako watu watakaokutesa bure na kukuambia ni kwa faida yako. Usiwaamini kwa maneno matupu. Uliza sababu, kwa adabu, kama Nanjala alivyouliza. Kisha mtazame aliyekuweka mahali pagumu. Ukiona anakujibu kweli, na yeye mwenyewe anakubali kukaa hapo pamoja nawe, mvumilie. Na wewe ukikabidhiwa watu siku moja, wawe wanafunzi, wagonjwa au watoto wako wa kuzaa, usitafute kwanza wakusifu. Tafuta kwanza wafike. Watakununia, nawe utaumia, maana kununiwa na unaowapenda ni jambo zito. Libebe.

Mwenyezi Mungu akutangulie uendako na akurudishe salama. Akupe viongozi wenye kukuonea uchungu, na moyo wa kuwatambua wangali hai. Amin. Haya, inuka unywe chai.