Turbo ya Pikap ya Maziwa

Haya, niambie wewe: ukipanda mlima na mzigo na pumzi imekuishia, utapunguza mwendo upumue vizuri, ama utatafuta mtu akupulizie hewa mdomoni? Usicheke. Mzee wangu, baba ya watoto, aliulizwa hiyo na fundi, na vile alijibu ndivyo tuliisha.

Hiyo ilikuwa miaka ya chama kimoja, watoto wakipewa maziwa ya bure shuleni. Tulikuwa tunakaa Kapsoya, watu wa Central tumekuja kutafuta maisha hapa Eldoret. Mzee alikuwa na pikap ya dizeli, kuukuu kabisa, na kazi yake ilikuwa kuchukua maziwa ya wakulima kule Kaptagat alete kiwandani. Maziwa ukichelewesha jua linaipata, na kiwandani wanaimwaga mbele yako bila kukuangalia usoni.

Sasa, mashamba mengine yako chini bondeni. Pikap ikishapakiwa mikebe, kupanda kurudi barabarani ilikuwa inakohoa moshi mweusi kama jiko ya kuni mbichi. Huku kwetu juu hewa ni nyembamba, injini inavuta na haishibi. Na kulikuwa na kijana mwingine amenunua pikap mpya, anatupita hapo kwa mlima akipiga honi. Wakulima wakaanza kumwangalia huyo. Wakituacha, sisi hatuna kitu ingine.

Tukaenda kwa fundi. Alikuwa mtu wa Western, maneno mingi.

"Mzee, njia ni mbili," akasema. "Ya kwanza, injini ipumue yenyewe. Napanua pahali hewa inaingilia, naweka eksozi pana na pistoni mpya, pampu naipima vizuri. Itapanda, lakini pole pole. Ya pili ni turbo. Ni kama feni ndogo, moshi wa eksozi unaizungusha, nayo inasukuma hewa ndani kwa nguvu. Niko na moja ilitoka kwa lori iliyoanguka."

Mimi nikauliza, "Turbo si ni kale kamji ka njia ya kuenda Webuye?"

Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini. "Mama, hiyo nayo haiingii kwa boneti."

Tukienda nyumbani nikamwambia mzee achukue ile ya kupumua yenyewe. "Hiyo injini imezeeka kama wewe. Mtu akikupulizia hewa kwa nguvu, si utapasuka?"

"Mama watoto, wewe angalia sufuria zako. Yule kijana hatanipita tena."

Akafungiwa turbo. Siku ya kuchukua gari fundi akamwambia, "Ukimaliza kupanda usizime mara moja. Hiyo kitu inazunguka ikiwa moto kama makaa, na ni oili inaipoza. Ukizima, oili inasimama. Iache ingurume kidogo, ongea na watu, halafu uzime."

"Nimesikia," mzee akasema. Na alisikia kweli.

Lakini wewe hujui madereva wa siku hizo. Kutoka Kaptagat kuja tauni ni kuteremka. Wote walikuwa wakifika pale juu wanazima injini, wanaweka gia free, gari inateleza yenyewe mpaka huku chini na dizeli imebaki kwa tanki. Huo ndio ulikuwa ujanja wa kazi. Mzee alifanya hivyo tangu ajue kushika usukani. Kwa akili yake, kuzima ni kuegesha. Gari ikitembea, nani amezima?

Ah, na hizo wiki za kwanza zilikuwa tamu. Nilikuwa napanda naye nikienda kununua kabichi. Tunatoka bondeni tumejaa, turbo inapiga mluzi, tunampita yule kijana, mzee anatoa mkono dirishani anampungia kama mheshimiwa. Halafu tukifika juu, anazima. Kimya. Tunateremka tukisikia ndege, na mimi hapo nacheka.

Siku ile tuliteremka hivyo hivyo. Karibu na tauni mteremko ukaisha, akaingiza gia akaachilia klachi injini iamke. Ikaamka na kelele. Akatoa mguu kwa mafuta, kelele ikapanda. Moshi wa buluu ukafunika barabara yote. Akazima, akachomoa ufunguo kabisa, na injini bado inalia peke yake, inazidi.

"Nimezima," ananionyesha huo ufunguo mkononi. "Mama watoto, si unaona nimezima?"

Kukapasuka kitu ndani. Halafu hakuna sauti tena.

Fundi alikuja, akafungua, akatuambia turbo ilichomeka, ikaanza kumwaga oili ndani ya injini, na injini ikawa inakunywa oili yake kama dizeli. "Mzee, ulikuwa unazima pale juu?"

"Hapana. Nilikuwa nateremka tu."

Fundi aliangalia kando. Nyuma yetu maziwa ilikuwa juani.

Wakulima wakaenda kwa yule kijana. Mimi sikujua. Mzee aliniambia injini imetengenezwa, kazi imerudi, na kila asubuhi anavaa koti yake ya kazi, anakunywa chai, anatoka. Jioni namuuliza maziwa ilikuwa ngapi, ananijibu. Wamama wa sokoni ndio walinipeleka nikaona. Alikuwa ameketi ndani ya pikap huko gereji, haina injini, mikono kwa usukani. Nilirudi nyumbani nikampikia, na sikumwambia nimemwona. Tuliishi hivyo. Aliendelea kuvaa hiyo koti mpaka miguu ikakataa, na akafa bila kuniambia.

Sasa mjukuu wangu amenunua gari, na amekuja kuniuliza afunge turbo ama aiache. Nikamsimulia haya yote, nikamwambia hiyo ya turbo ni yake na fundi wake, mimi nataka ahadi moja tu kwake. Alinishika mkono akasema, "Shosho, siku gari itakufa, nitakuja nyumbani siku hiyo hiyo, na wewe ndio nitaambia kwanza."