Ukuni Mmoja Mbele ya Shanta

Nimepewa kazi ya kuandika sifa za kujiunga na kundi ambalo lenyewe halikunitaka. Walinichagua kwa sababu nina digrii mbili, na hapa Songea mtu mwenye digrii mbili na Jumamosi tupu hana pa kujificha.

Kundi lenyewe ni la skauti wa heshima, wale wanaovaa kitambaa cha kijani begani. Nilipokuwa skauti wa shule hakuna aliyeomba kuingia. Asubuhi ya mwisho ya kambi, chini ya milima ya Matogoro, tulipanga mashanta yetu, yale mabegi ya mgongoni, kwenye majani. Kila mmoja akapita peke yake na kuweka ukuni mbele ya shanta la mwenzake ambaye angependa kupiga naye kambi tena, kisha akashuka mtoni kunawa. Ukirudi ukakuta kuni za kutosha kuivisha ugali wa kikosi, umeingia. Viongozi hawakuwa na kauli.

Mimi nilikuta ukuni mmoja. Ukuni mmoja hauchemshi hata chai. Lakini mtu fulani aliinama akauweka pale, na mpaka leo nikiona kuni zimefungwa kwenye baiskeli humkumbuka mtu huyo nisiyemjua.

Kikao cha kujadili sifa hizo kilifanyika darasani, mtaa wa Mjimwema. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyekuwa kiongozi wetu wa skauti, alisoma mapendekezo: cheti cha kidato cha nne, mafunzo ya huduma ya kwanza, na watu wazima waliowahi kuwa skauti wakubaliwe. Moyo wangu ulidunda kama wa mwanafunzi. Kwa vyeti nilivyonavyo, ningeingia na chenji ingebaki.

Ndipo akasimama mama mmoja anayeuza dagaa mtaa wa Msamala. Yeye alivalishwa kitambaa cha kijani kwenye kambi ileile yangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama." Mwalimu alishajua. Kwa mama huyu, shikamoo hutangulia ugomvi.

"Cheti kitaniambia nani alichota maji wenzake walipokuwa na homa?"

"Mama, siku hizi misitu tunailinda. Kuni za kupigia kura tutatoa wapi?"

"Basi waweke vijiti. Anayependwa atajulikana hata kwa kijiti." Akanigeukia. "Au msomi anasemaje? Si wewe uliyepata ukuni wa kuchokonolea meno?"

Darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kama ilivyo desturi ya anayeumia.

Wakati wa chai na mihogo nilimfuata. "Dada, ule ukuni wangu, unakumbuka aliuweka nani?"

"Kaka, tulikuwa wengi. Kwani hujui mpaka leo?"

"Sijui."

"Na hukuuliza?"

"Hairuhusiwi kuuliza."

Aliacha kutafuna, akanitazama kidogo, kisha akanisogezea sahani ya mihogo.

Tuliporudi ndani kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuandika sentensi moja tu, nikavaa kijani mwezi ujao. Lakini ningekitazama kitambaa kile na kuona vyeti vyangu tu, ambavyo nyumbani vimejaa sanduku. Nikafuta vyeti. Nikaandika kwamba anastahili yule ambaye waliopiga naye kambi wanamtaka tena.

"Na watu wazima?" mwalimu aliuliza.

"Nao wakapige kambi," alijibu mama wa dagaa. "Waanze kwa kuchota maji."

Wakakubali.

Kambi ni mwezi wa sita, baridi ya Songea ikiwa imekolea, na walikuwa wanatafuta mpishi. Nimejitolea. Nyumbani nimeanza kujifunza kusonga ugali kwa sufuria kubwa; mke wangu anasema wangu una mabonge, ila unalika. Asubuhi ya mwisho nitaweka shanta langu mwishoni mwa mstari, nishuke mtoni kunawa. Nitanawa polepole, mpaka vidole vife ganzi, niwape watu muda.