Ukuta Mbele ya Dirisha la Mama

Harufu ya simenti mbichi huwafurahisha watu wa Dar es Salaam. Kwao ndiyo maendeleo. Mie hunikaba koo.

Nilikuwa darasa la tatu, tukikaa Tandika, jirani yetu alipoamua kujenga vyumba vya kupangisha hadi mwisho kabisa wa kiwanja chake. Dirisha la chumba cha mama lilitazama upande huo. Hapo ndipo alipozoea kukaa akichambua mchele na kutaniana na wapita njia, upepo ukicheza na pazia. Matofali yakapanda. Wapita njia wakakatika, na upepo nao ukakatika. Ukuta ulisimama karibu mno. Nilikuwa nikipitisha mkono kwenye nondo za dirisha, naugusa. Taa ikawa inawaka mchana kutwa.

Mama, ambaye kicheko chake kilikuwa kinasikika hadi bombani, akaanza kunyamaza. Akawa analala mchana. Akaacha kuitikia salamu, na mtaani kwetu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko wizi.

"Wifi kapandwa na shetani," shangazi, dada yake baba, akakata shauri. Akaleta chetezo, akafunga mlango na dirisha, akamfunika mama shuka zito na kumfukiza ubani.

"Fungueni dirisha," mama alisema ndani ya shuka.

"Mnamsikia? Anatafuta pa kutorokea. Leo utatoka kwa adabu, shetani wewe."

"Wifi, ni mie. Nakosa hewa."

"Na sauti yake kaiba," shangazi akatuambia. Tuliokuwemo tukacheka kwa woga.

Moshi uliposhindwa, mama akapelekwa kwao Masasi kwa mganga. Huko alishinda barazani na shambani, akanenepa, akarudi kucheka. Mganga akasifiwa sana. Baba akamrejesha chumba kilekile, na wiki haikuisha akanyamaza tena. Shangazi akasema shetani kamfuata kwa basi.

Nikiwa chuo nilimuuliza baba kwa nini hakumhamishia chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto.

"Kile kilikuwa na mpangaji."

Mama alikuwa amekaa hapohapo karibu yetu. Akaendelea kuchambua mchele wake.

Katika nyumba nzima, mgonjwa peke yake ndiye aliyeujua ugonjwa wake. Aliutaja waziwazi, kwa Kiswahili ambacho hata mtoto wa darasa la tatu alikielewa, nasi tukamjibu shetani.