Mkono Unaojulikana na Panya

Mtaani walimwita Mama Panya, na wengi walilitamka jina hilo huku wamekunja pua. Alifanya kazi katika maabara ya kupima dawa za kuvuta puani. Katikati ya chumba palikuwa na mtungi wa chuma uliochomekwa mirija pande zote. Katika kila mrija aliingia panya mmoja, pua ikielekea ndani ya mtungi, apate kuvuta mvuke wa dawa. Panya akitishika hujigeuza mrijani, akakosa hewa, akafa kabla hata dawa haijamgusa. Ndiyo maana Mama Panya aliwazoesha kwa wiki kadhaa, hadi wakaujua mkono wake kwa harufu. Hakuthubutu kujipaka wala kujipulizia chochote chenye manukato.

Jaribio kubwa likaangukia siku moja baada ya harusi ya binti yake wa pekee. Binti alimletea chupa ya marashi. Alizungukazunguka na maneno, mara wakwe ni watu wa kuchagua, mara kuna picha, mwishowe akalitoa la moyoni.

"Mama, unanuka panya. Shule nzima walinicheka kwa harufu hiyo. Siku moja tu, nisitiri."

Mama akamweleza kwamba marashi hayatoki kwa kuoga mara moja. Panya wakimkataa, jaribio litaharibika na kazi itaota mbawa, kazi iliyomsomesha binti huyohuyo.

"Basi kaa nao," binti akasema. "Mama mkubwa atanisindikiza."

Mama alidhani ni hasira za bibi harusi, zitapoa. Hazikupoa. Ukumbini, dada yake ndiye aliyeingia amemshika binti mkono, akinukia hadi mlangoni. Mama mwenyewe alionyeshwa kiti nyuma ya nguzo. Wakwe walipouliza mama mzazi yuko wapi, walionyeshwa dada, naye dada hakukanusha.

Kesho yake panya waliingia mirijani mmoja mmoja, bila ubishi. Wengine walimlamba kidole kwanza. Hakuna aliyejigeuza. Mkuu wa maabara akafungulia mvuke, akamsifu kwamba hana mfano wake. Hawa wakishapasuliwa mapafu Ijumaa, ataletewa kundi jingine alizoeshe. Kisha akakumbuka adabu.

"Enhe, mama, harusi ilikuwaje?"

"Ilipendeza," akajibu, macho yake yakizitazama zile pua ndogo zikivuta pumzi bila wasiwasi wowote.