Waya wa Moto Nyuma ya Nyumba

Usiku ule nililala na nguo za kazi, mikono ikinuka tina ya kuchanganyia rangi. Mchana kutwa nilikuwa nimehangaika kuwasha kompresa ili nipulizie rangi pikapu ya marehemu mama, ile aliyokuwa akipelekea maziwa mjini. Mota ilinguruma tu, ikashindwa kuzunguka, kisha swichi kuu ikajikata. Kaka yangu Daudi, ambaye tunapakana naye ukuta, alikuja kutazama.

"Umeme wa nyumbani hauiwezi mashine hii, mdogo wangu. Iuze. Na hilo gari lipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

Nikamwamini. Ni kaka yangu.

Usingizini nikamwona mama. Alikuwa ameshika usukani, na pikapu inang'aa, haina kutu hata chembe. Kisha pikapu haipo; tuko jikoni kwake, jua linaingia mlangoni, anachuja maziwa. Namwambia kompresa imenishinda. Ananishika mkono, kiganja chake kikavu kama zamani, tunatoka uani. Anauweka mkono wangu kwenye waya unaotoka kwenye mita. Waya ni wa moto.

"Mashine haina kosa," anasema. "Umeizima, na waya bado una moto. Nani anakula?"

Nageuka nimuulize. Ua mtupu. Nasikia vifaranga tu, wengi, wakilia nyuma ya ukuta.

Nikaamka, kumekucha. Nilichomoa kila kitu ndani, hata friji, nikaenda kuugusa ule waya. Ulikuwa wa moto kweli. Nikaufuata kwa macho hadi chini ya paa. Hapo ulikuwa umeungwa waya mwingine, umepenya ukutani, umeingia kwa Daudi. Nikazunguka kwake. Banda lake la vifaranga lilikuwa linawaka taa za joto kila kona.

Alinikuta hapo, mswaki mdomoni.

"Tangu lini, kaka?"

Akatazama chini. "Tangu msiba wa mama. Fundi alipokuja kufunga taa za matanga."

Siku zile alikuwa akilia begani kwangu. Mimi ndiye niliyemshika asianguke kaburini.

"Ungeniomba ningekupa," nikamwambia.

Nikampa hadi jioni ahamishe vifaranga wake, na jioni ilipofika nikazima swichi kuu na kuukata ule waya.

Kesho yake kompresa ilizunguka papo hapo, ikajaa upepo. Nilipulizia rangi hadi mkono ukaingia ganzi. Sikumwita Daudi aje kuona.