Nyanya za Kubebesha

Mauwa hakuwa na ugomvi na Vietnam. Nchi yenyewe hakujua hata iko upande gani. Ugomvi wake ulikuwa na Noela, kwa sababu kati ya wakulima wote wa bustani za bondeni Tegeta, mradi wa nchi yetu na hiyo Vietnam ulimpandisha ndege yeye akajifunze kilimo huko. Noela! Aliyefika bondeni hajui hata kushika jembe, Mauwa akamfundisha kila kitu: kusia mbegu, kumwagilia, kufukia mche wa nyanya mpaka karibu na majani ili utoe mizizi mingi. Mwanafunzi kapaa, mwalimu kabaki na keni yake ya kumwagilia.

Noela alirudi na kofia pana ya ukindu na ujuzi mpya, kubebesha nyanya, yaani kuunga kichwa cha mche wake juu ya shina la bilinganya. Kubebesha maembe wote wanakujua, lakini nyanya? Akaeleza kwamba shina la bilinganya hiyo halishikwi na mnyauko, ule ugonjwa wa udongoni unaowamalizia nyanya kila masika. Wilbert, bwana shamba wao, akaitisha darasa. Mauwa alituma salamu kwamba mgongo unamsumbua. Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Kilichomsumbua ni ile kofia.

Miche ilipogawiwa, Noela mwenyewe akamletea Mauwa ya kwake.

"Shikamoo da Mauwa. Ngoja nikuoneshe inavyopandwa."

"Marahaba. Mie leo wa kuoneshwa kupanda nyanya? Na wewe?"

Noela akadhani ni utani, akacheka, akaenda zake.

Mauwa akamchungulia kupitia matete. Akamwona anapanda juujuu, pale nyanya ilipounganishwa na bilinganya pakabaki wazi, nje ya udongo. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Huko Vietnam wamemsahaulisha hata alichofundishwa! Angeweza kumwita amsahihishe, lakini hakutaka. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja kukagua, na mwenye tuta zuri ndiye angesafiri mwakani. Mauwa aliitaka safari hiyo kuliko kitu chochote. Akafukia miche yake mpaka shingoni, kwa ustadi wake wote.

Mvua zikanyesha na mnyauko ukafika. Miche ya Mauwa ililegea, kisha ikalala. Ya Noela ikasimama na kutoa maua. Mauwa akafukua mche mmoja kwa kidole, akaona: juu ya pale ilipounganishwa na bilinganya, nyanya ilikuwa imeota mizizi yake yenyewe, ile mizizi mingi aliyoitaka, ikauvuta ugonjwa moja kwa moja kutoka udongoni. Hakuhitaji kuelezwa. Aliketi tutani akalia kwa hasira.

Machozi hayajakauka, wageni hao. Mtaalamu kutoka Vietnam akasimama mbele ya tuta lake, akauliza, Wilbert akatafsiri: "Hapa imekuwaje?"

Mauwa alitamani ardhi impasukie. Noela akamwahi.

"Hizi tulizifukia makusudi, za kulinganisha. Da Mauwa kajitolea tuta lake watu wajionee."

Wakampigia makofi. Wakampiga na picha, kando ya nyanya zake zilizokufa. Mtaalamu akamshika mkono na kumsifu kwamba wakulima wa namna yake ni wachache.

Walipoondoka, Noela akasema, "Msimu ujao tupande wote, eh?"

"Haya, mwaya."

Mauwa alibaki ameshika jembe. Alijua fika kwamba yeye asingemsitiri Noela. Alikuwa amekaa siku zote hizo akisubiri Noela aaibike. Ndege, kofia, nyanya, hivyo vyote angeweza kumwonea wivu na bado akapata usingizi. Lakini moyo ule wa kumsitiri mwenzake, Noela hakuupata Vietnam. Alikuja nao bondeni siku ile ya kwanza, na hapakuwa na mradi wa kumpeleka Mauwa akaufuate.