Nilimpeleka mama kuona hoteli ya bondeni Mbarara, akarudi akapika mbegu

Wakuu, heshima zenu. Hii sikusimuliwa, ni ya nyumbani kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda. Anayetafuta chai apite uzi wa jirani.

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini. Tulikimbia vita nikiwa kijana, mimi na mama. Baba alibaki huko, kaburini.

Mama alivuka mpaka na mbegu kidogo za maharage, kazifunga kwenye kitenge. Kila msimu alizipanda pembeni ya shamba, akavuna, akafunga mpya. Hazikuliwa hata siku moja. Hata mgao wa chakula ulipochelewa tukalala njaa, alisema mbegu za kwetu zitarudi kwetu.

Baadaye nikapata kazi ya bustani kwenye hoteli ya kifahari nje ya Mbarara, bondeni, kando ya mto.

Wakuu, ile hoteli ilikuwa imefichwa. Kuta za mawe ya palepale mlimani, mapaa yameoteshwa nyasi, uzio ni miti tu. Ukisimama ng'ambo unaona bonde tu. Bei ya vyumba msiniulize, nina presha.

Siku ya kwanza nilipoliona lile bonde nilikaa chini. Lilikuwa kama la kwetu Kivu kabisa.

Mama alikuwa ameanza kusahau. Kila asubuhi aliuliza tutarudi lini. Nikaona nimpe raha kidogo. Nikamwomba mlinzi, mwenyeji wa huko, Mnyankole mmoja mpole sana, akaturuhusu tupite njia ya bustani.

Kufika mtoni mama akavua viatu, akanawa uso. Akaitazama milima.

"Tumefika," akasema. "Papa yako iko fasi gani?"

Anauliza baba yuko wapi, na baba yuko kaburini Kivu. Nikamshikia viatu. Na nilifurahi jamani, alikuwa anacheka.

Mara wageni wakaanza kutoka vyumbani. Mama hakuwa ameona nyumba yoyote pale, sasa anaona watu wanatoka ndani ya mlima na taulo mabegani. Akaniuliza ni akina nani.

Mlinzi akaja, aibu imemjaa. "Rafiki, bosi nakuja. Kama naona mama hapa, kazi yetu naisha."

Mama alisikia. Akavaa viatu haraka, kwa mazoea.

"Banatufukuza tena?"

Nikasema hapana, tunarudi nyumbani tu.

Tulipofika alifungua kitenge, akamwaga mbegu zote kwenye sufuria. Nikamshika mkono. Akautoa.

"Acha tukule. Kule kwetu balishajenga."

Tulikula. Mimi nilitafuna huku nalia, yeye alikula vizuri tu. Tangu siku ile hakuuliza tena tutarudi lini. Msimu wa kupanda haujafika tukamzika, hapahapa Nakivale.

Nilichojifunza: mtu anayesubiri kwao usimwonyeshe mahali panapofanana na kwao, kama huna uwezo wa kumwacha akae.

Wenye wazazi kambini, ninyi mliwajibu nini walipouliza? Niandikieni hapa chini.

Na kama kuna mtu wa Kivu bado ana yale maharage madogo yenye madoa mekundu, naomba hata kiganja. Sisi hatukubakiza punje.